Yaliyonikuta Great Lakes, kwa wadogo zangu wanaotaka navy ya Marekani

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna kijana ananiandikia, kaka shikamoo, nimeshapasi ule mtihani na vipimo vyote, naondoka kwenda buti kempu, yaani kambi ya mafunzo ya mwanzo ya navy, mwezi ujao, sasa niwe nakimbia kilomita ngapi kwa siku? Nikimjibu kwamba mbio ndio kitu cha mwisho kitakachomliza anaona kama namficha siri. Juzi mtoto wa binamu yangu alieko Columbus nae kaniuliza hilohilo, tukaongea kwa simu karibu masaa mawili mpaka mke wangu akaniuliza kama nimerudi jeshini. Kwa hivo wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa. Nimekua nikiwaona wanamaji wa Kenya wakiingia na kutoka pale Mtongwe, nasi watoto tukiwaigiza kwata ufukweni na vijiti mabegani. Marekani nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikafikia kwa binamu yangu Minneapolis, mchana nalea wazee, usiku napanga maboksi ghalani, na Januari 2015 nikaingia navy nikiwa na miaka 27. Wakati huo mwisho wa kuandikishwa ilikua miaka 34, siku hizi wamepandisha hadi 41, basi ata wewe mwenye kitambi kidogo unaesoma hapa bado hujachelewa.

Kwanza, usitegemee kuona bahari. Kambi iko Great Lakes, kaskazini ya Chicago, jimbo la Illinois, kando ya ziwa Michigan. Ipo tangu 1911, na zile zingine za San Diego na Orlando zilifungwa miaka ya 90, kwa hivo kila anaeingia navy yao bila uofisa, awe wa California au wa Likoni, anapitia hapo hapo. Ukitaka kucheka kumbuka ata kwetu Kenya kuruta wa navy anaanzia Eldoret, bara kabisa, minazi yenyewe hakuna. Wakati wangu mafunzo yalikua kama wiki nane hivi, mwaka 2022 wakayafanya 10, na kuanzia 2025 yamekua tisa. Na kama unapangiwa Januari jiandae, upepo unatoka ziwani moja kwa moja hadi kwenye meno.

Unafika usiku. Mnakusanywa uwanja wa ndege wa O'Hare, mnapakiwa basi, njiani watu wanapiga stori na kucheka, kila mtu anajifanya mgumu, alafu basi linasimama, mlango unafunguka na kutoka hapo stori zinakufa kwa miezi miwili. Jengo la kupokelea linaitwa Golden Thirteen. Usiku ule mi nilidhani ni jina la kasino wallahi. Baadae sana ndio nikasoma ni wale watu weusi 13 waliofunzwa hapohapo Great Lakes na mwaka 1944 wakawa maofisa weusi wa kwanza wa navy ya Marekani, nikaona haya kidogo kwa vile nilivopita pale mlangoni nikiwaza usingizi tu.

Hapo, wakati wangu, unavua kila kitu chako, unakitia kwenye boksi, unaandika anuani, na boksi linarudi nyumbani na simu yako ndani. Kabla ya hapo unapewa nafasi ya kupiga simu moja, na maneno ya kusema umeandikiwa, unasoma tu: nimefika salama, ntaandika barua, kwaheri. Huulizi hali, huachi salamu kwa mtu. Mimi nikampigia binamu, kumbe yuko zamu ya usiku, ikaingia kwenye ujumbe wa sauti, na kwa vile nyuma yangu kuna mtu ananihimiza kwa makelele, ile sauti yangu ikatoka kama mtu aliewekewa kisu shingoni. Binamu kwa akili zake akaicheza ile sauti kwa mamangu Mombasa. Mamangu hajui Kiingereza sana, alichosikia ni mwanae anapayuka sekunde kumi kisha kimya. Akaamua nimekamatwa. Wakasoma dua pale nyumbani.

Na kosa lilikua langu. Nilimwambia naenda kozi, nikasema wiki nane, sikumwambia kwamba hizo wiki nane sina simu mkononi, hakuna ujumbe, na muhimu zaidi kwa sisi watu wa kutuma hela, hakuna kutuma hela. Mshahara unaingia, sawa, na ndio maana lazima uende na namba za akaunti yako ya benki, ila wewe huna mkono wa kuufikia ule mshahara, na vile vitu vya kwanza wanavokupa kama sabuni na viatu vya mazoezi vinakatwa humohumo. Januari ndio shule zinafunguliwa Kenya. Mdogo wangu wa kike alikua kidato cha pili, karo nalipa mimi, na mimi niko Illinois nakunja chupi. Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Hili nalirudia kwa kila kijana na hakuna anaelichukulia kwa uzito: kabla hujaondoka acha hela kwa mtu unaemwamini, muandikie kabisa ya nani na ya tarehe gani, na uwapigie wazee uwaeleze polepole kwamba ukimya si msiba. Barua? Unaandika, ndio, ila barua ya mdogo wangu kutoka Mombasa ilifika Great Lakes mi nimeshaondoka, ikanifuata hadi shule ya pili.

Sasa kilichonitesa mimi. Masikio, na mdomo wangu.

Anza na jina. Kule unaitwa kwa jina la mwisho peke yake, limeandikwa kifuani, mgongoni, kwenye kila fulana. Kwetu sisi jina la mwisho kwenye pasipoti mara nyingi ni la babu. Babu yangu amekufa mimi sijazaliwa, na maisha yangu yote hakuna mtu aliewahi kuniita kwa jina lake. Siku tatu za kwanza peti ofisa, yaani mwanamaji mwenye cheo cha chini ya ofisa, anaita, anaita, chumba kizima kimya, na mimi nimesimama imara natazama mbele namsikitikia huyo bwana asieitika. Alafu na matamshi yenyewe wamelipinda, ata babu mwenyewe angefufuka asingeitika. Mara ya tatu yule peti ofisa akaja akasimama mbele yangu, akasoma kifua changu taratibu, akauliza kama mimi na hili jina tumeshawahi kukutana. Tukalipia chumba kizima, pushapu mpaka sakafu ikalowa jasho. Vijana wa miaka 18 wakaniangalia kwa jicho baya siku mbili. Kwa hivo wewe unaesoma, mwambie mkeo au mwenzako unaekaa nae akuite kwa jina la babu yako mwezi mzima kabla ya kwenda. Sitanii.

Alafu kuitika. Sisi tumelelewa mkubwa akikuita unaitika naam, mwanamke labeka, kwa sauti ya chini, macho chini, na ukimjibu mkubwa kwa sauti ya juu unakula kofi. Great Lakes ni kinyume. Hao walimu wenu wanaitwa RDC, yaani makamanda wa divisheni za makuruta, kila divisheni ya watu kama 80 hivi ina watatu, utawajua kwa kamba nyekundu begani, na ukiwajibu kwa adabu ya Mombasa wanasema huna moyo, unaogopa, au unawadharau. Nikaambiwa niinue macho. Nikainua, nikamtazama usoni kama Wamarekani wanavopenda kwenye intavyu za kazi, kumbe nalo kosa, kumtazama RDC machoni ni kama kumpima ubavu. Macho yanatakiwa mbele, pale ambapo hakuna kitu. Ilinichukua wiki nzima kujifunza kutazama pasipo na kitu.

Na kuna tofauti moja ya maneno ambayo Wamarekani wenyewe iliwachanganya lakini mimi ilinikaa haraka. Ukiulizwa swali unajibu ndio au hapana. Ukipewa amri hujibu ndio, unajibu "aye aye", maana yake nimesikia, nimeelewa, na natekeleza. Hiyo si ndio ile hewala yetu? Nahodha akisema tua tanga, baharia hasemi ndio, anasema hewala huku mkono uko kwenye kamba. Nilipolifungua hivo kichwani sikukosea tena.

Sauti lakini ilibaki shida. Usiku mnapokezana lindo, masaa mawili mawili, unazunguka chumba chenye watu 80 wanakoroma, na akiingia mkubwa yeyote unatakiwa utoe ripoti, wewe ni nani, walioko ndani ni wangapi, hali iko vipi. Lindo langu la kwanza saa nane usiku akaingia peti ofisa mmoja wa kike, mfupi, simjui. Mi kwa ustaarabu wangu, watu wamelala, nikamtolea ripoti kwa kunong'ona. Akaniuliza kwa nini nanong'ona. Nikamwambia, kwa kunong'ona, wenzangu wamelala. Nadhani alitaka kucheka maana alikaza midomo sana, kisha akaniambia ripoti upya, naitaka mpaka chini ghorofa ya kwanza isikike. Nikapayuka. Watu 80 wakaamka. Tangu hapo nikaitwa Mnong'onaji, na kwa vile nilikua na miaka 27 kati ya watoto wa 18, 19, jina la pili lilikua Babu, kwa hivo babu yangu akanipata pande zote.

Kilichonifuta machozi ni kukariri. Kuna amri 11 za mlinzi, unatakiwa uzijue kwa moyo neno kwa neno, pamoja na kiapo cha wanamaji na vyeo vyote, na unaulizwa popote, kwenye foleni ya chakula, unaposwaki, ukiwa kwenye pushapu. Vijana walikua wanasoma kimya kimya kijitabu kile mpaka wanalia. Mimi nimepita chuoni kwa maalim, juzuu Amma nimeihifadhi nikiwa na miaka tisa bila kujua neno moja lina maana gani. Nikazichukua zile amri 11 kwa staili ya chuo, naimba huku natikisa kiwiliwili mbele nyuma, siku mbili zimeisha. Wiki ya pili nina wanafunzi sita wa Kizungu wamekaa sakafuni usiku kabla ya taa kuzimwa wanatikisika nyuma yangu wanaimba amri za navy ya Marekani kwa mahadhi ya Likoni. Maalim wangu angeona sijui angefurahi au angenirarua.

Vitu vingine navipitia upesi. Sindano ni nyingi na nyingi ni siku moja, na kuna moja ya penisilini ya matakoni, nzito kama siagi ya karanga, ukishapigwa unakaa chini na kuyumba kama mashua ili itawanyike, usiogope, kesho yake unatembea kama bata na keshokutwa imeisha. Wanaume wote mnanyolewa kipara. Wanawake tangu 2015 hawalazimishwi kukata, mradi nywele zibanwe kwa kanuni zao, ila dada zangu wenye nywele zetu hizi nendeni mmeshajua mtindo mmoja unaofungika ndani ya dakika mbili bila kioo, maana dakika mbili ndio mtapata. Kidevu kinanyolewa kila siku kwa wembe, na ngozi zetu hizi zinatoka vipele, ukivipata nenda kliniki mapema useme, kuna karatasi ya ruhusa wanatoa, usijikaushe mpaka shingo ioze kama nilivofanya mimi. Kula ni dakika chache, kimya, macho kwenye sahani. Nguruwe yupo mara kwa mara lakini vyakula ni vingi, nilikua naonyesha kidole kingine na hakuna alienilazimisha.

Kukunja nguo, hapa kuna watu walitokwa na machozi ya kweli, maana kila fulana, kila soksi ina kipimo chake na upande wa kutazama, na kitanda pembe zake zinakunjwa kwa nyuzi 45. Sio kwamba vita inapiganwa kwa soksi. Wanataka kuona kama ukiambiwa kitu kidogo mara moja unakifanya vilevile au unaongeza ya kwako. Mimi wa kuongeza ya kwangu. Nimekua kwenye nyumba ya mama muuza nguo, najua kukunja fulana vizuri zaidi ya wao, nikakunja vizuri zaidi, ikarushwa dirishani, kwa maana ya dirisha la kweli, ikatua kwenye theluji. Na kufagia basi, msiseme, kila siku, na sakafu wanaita deki. Nikamwambia mwenzangu wa kitanda cha chini, kijana wa Nebraska, kwamba kwetu kuosha sakafu kunaitwa kupiga deki, akafikiri namdanganya. Mama zetu wamepiga deki miaka mingapi bila kupewa cheo.

Sasa maji, na hapa ndio aibu yangu ilipo.

Nilivosema natoka Mombasa, pwani, kila mtu akajua mimi samaki. Na mimi nilijijua hivo hivo. Nimeogelea kivuko cha Likoni, nimeruka kutoka kwenye mashua, nimevuka na maji ya bamvua. Kuna bwawa kubwa la mazoezi pale limepewa jina la USS Indianapolis, na mtihani wenyewe ukiusikia unacheka: unaruka kutoka kwenye jukwaa, unaogelea yadi 50 ambazo ni kama mita 46 kwa mtindo wowote, kisha unaelea kifudifudi dakika tano, na baadae wanakufundisha kujaza hewa kwenye suruali na shati ziwe boya. Kijana wa Nebraska alikua anatetemeka, nikampiga bega nikamwambia nitazame mimi.

Kuruka nikaruka. Yadi 50 nikaenda, kichwa juu ya maji kama mbwa, maji yanaruka kila upande, mwalimu kando ananiangalia kama anaetazama ajali, lakini nikafika. Kisha kuelea. Uso ndani ya maji, mikono mbele, miguu nyuma, umelegea, unainua kichwa kuvuta hewa unarudi. Miguu yangu ikazama. Nikaipandisha, ikazama. Maji ya chumvi yanakubeba, maji ya bwawa hayakubebi, na mimi wakati huo nilikua mfupa na ngozi, hakuna kitu cha kuelea mwilini mwangu. Hadi dakika ya pili nimesimama wima majini natapatapa, na kabla sijafikiria mkono umeshashika ukingo. Kushika ukingo ni kufeli. Nikatoka nikakaa na waliofeli, wengi wao watu waliokua hawajawahi kuingia maji marefu maisha yao, na mtoto wa Likoni katikati. Nebraska akapasi siku ileile. Alijifunza kuelea kwenye bwawa la ng'ombe la mjomba wake.

Ukifeli hufukuzwi, unapangiwa masomo ya ziada, unaendelea nayo hadi upasi, lakini hauondoki pale bila kupasi, na wale wasiopasi kwa muda wanaweza kurudishwa nyuma kwenye divisheni nyingine, uanze na watu usiowajua. Hilo la kurudishwa nyuma ndilo linalotisha watu kuliko pushapu. Mimi nilipasi mara ya tatu. Mwalimu aliniambia kitu kimoja ambacho natamani mtu angeniambia Likoni, kwamba mimi natoa hewa yote haraka kwa woga na mapafu matupu ndio jiwe langu. Shika hewa, legea, toa kidogo kidogo, inua, vuta. Mchezo ni kutofanya kitu. Dakika tano za kutofanya kitu ni ndefu, mi nilikua nahesabu kwa kusoma Yasini kimoyomoyo. Kwa hivo ukiniuliza tena kilomita ngapi ntakuuliza unaweza kuelea kwa muda gani, nenda bwawa la YMCA la mtaani kwako, lipa dola zako, mwambie mtu akufundishe kulala juu ya maji ya bomba.

Chumba cha gesi kipo, mnaingia na maski, mnavua, unasema jina lako, na mimi safari hii jina la babu nililisema vizuri kabisa na makamasi yananing'inia hadi kifuani. Ni kama kukaanga pilipili kwenye nyumba isiyo na dirisha. Inaisha. Kuzima moto, kufunga kamba, bastola, hayo utayapenda.

Jumapili asubuhi ndio mnapumua. Kuna ibada za kila dini, na mimi nilikua naenda kwa Waislamu wenzangu wachache, na siku moja kwenye foleni ya kutoka nasikia mtu nyuma yangu anajisemea "eh Mungu wangu, baridi hii". Kwa Kiswahili. Sijasikia Kiswahili wiki tano. Nikageuka, kosa, nikarudi mbele, nikanong'ona, na hapo kunong'ona kwangu kukapata kazi hatimae, nikamuuliza wewe wa wapi. Akasema Goma, na yeye akaniuliza "na weye uko mutu ya wapi?" Hatukuongea zaidi ya dakika moja, yeye ametoka kanisani, divisheni yake wiki moja nyuma yangu, sikujua jina lake la kwanza. Nilirudi chumbani nimenenepa.

Uraia. Wengi wanaingia kwa hili, tusifichane. Ukiwa na grini kadi huwezi kuanza kama ofisa, ata uwe na digrii mbili, na kazi zinazotaka ruhusa ya siri huzipati mpaka uwe raia. Kipindi changu maofisa wa uhamiaji walikua wanakuja hapohapo kambini, fomu haina ada, unafanya intavyu na maswali ya historia ukiwa umevaa sare, na unaapishwa kabla ya kumaliza mafunzo. Mpango ule ulisimamishwa mwanzoni mwa 2018 na taratibu zimebadilika tangu hapo, kwa hivo usiende na hesabu ya kwangu, uliza uandikiwe. Na jambo moja kwa ndugu zangu wa Tanzania. Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu uraia wa nchi mbili, nyie sheria yenu hairuhusu kwa mtu mzima. Siku ya kiapo tulikua na Mfilipino, Mghana, Mjamaika, na kijana mmoja wa Moshi ambae, wakati wote tunashangilia, yeye akakaa kimya muda mrefu ameshika kile kibendera kidogo. Alikua anajua anachokiacha. Fikiria kabla, usifikirie pale.

Usiku wa mwisho mkubwa unaitwa Battle Stations. Ndani ya jengo wamejenga meli, USS Trayer, futi 210, imekaa kwenye maji galoni 90,000, ipo tangu 2007, na ukiingia usiku ule taa, moshi, mingurumo, akili yako inasahau kwamba uko ndani ya nyumba Illinois. Masaa 12, matukio 17. Maji yanaingia kwenye ghala la mabomu, mnahamisha makombora mkono kwa mkono, kuna moto, kuna majeruhi wa kubebwa gizani. Baadhi ya hayo yametungwa kutokana na yaliyotokea kweli, kama meli ya USS Cole iliyolipuliwa Aden mwaka 2000. Aden pale, mkabala na bahari yetu. Katikati ya usiku umeme ukakatika kwenye chumba chetu, kwa makusudi bila shaka, kelele zimejaa, kiongozi wetu wa zamu sauti imemkauka kabisa, na mtu ikabidi apokee amri kutoka juu na kuirudia kwa sauti watu 20 wasikie. Nikajisikia napayuka. Naitaja namba ya mlango, naitaja kazi, narudia, watu wanasogea. Nebraska aliniambia baadae alikua hajui kama ni mimi.

Asubuhi wanakuvua kofia iliyoandikwa kuruta, wanakuvalisha iliyoandikwa navy. Nililia, kila mtu alilia, wenye vifua vipana zaidi.

Gwaride la kumaliza ni kwenye ukumbi mkubwa, familia zinakuja kutoka kila jimbo. Binamu alikuja na mkewe na lile boksi langu, simu imechajiwa. Nikatoka nje kwenye theluji na sare yangu, nikampigia mamangu Mombasa, kule ilikua usiku. Akapokea, akasema haloo, na mimi nikasimama wima, macho mbele, nikamwambia shikamoo mama, ni mimi, nimemaliza, niko salama.

Kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, alhamdulilahi, lakini mbona wanipigia ukelele? Nani kakwambia mamako kawa kiziwi?"